UZI: Tanzia, kuagana, Mei Mosi, bonanza. Habari za watumishi halmashauri ziende vipi? (Mtwara na Lindi)

Daftari la Masjala (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu, halmashauri karibu zote zina ubao wa matangazo jirani na masjala na grupu la WhatsApp la watumishi. Na ugonjwa ni uleule. Saa 2 usiku mtu anatupia "Tanzia, mama wa mwenzetu wa idara ya afya ametutoka". Watu 100 wanaandika "poleni sana". Asubuhi hakuna anayejua ni mama wa nani, anazikwa wapi, gari linatoka saa ngapi, mchango anapokea nani.

Hoja yangu ni moja. Kila habari ya mtumishi ina shilingi nyuma yake. Akijifungua kuna likizo na zawadi. Akifiwa kuna rambirambi na gari. Akistaafu kuna kuagana, na kabla ya kuagana kuna makaratasi ya mfuko wa pensheni. Habari kama hiyo ikitoka kama uvumi, hela nayo itatoka kama uvumi.

Tanzia iwe na mistari sita tu, na usiibandike mpaka yote imejaa:

Marehemu: jina kamili, na ni nani kwa mtumishi (mama mzazi, mume, mtoto).
Mtumishi: jina, kada, kituo cha kazi.
Amefia: wapi, tarehe ngapi.
Maziko: kijiji, kata, wilaya, tarehe, saa, baada ya sala gani au ibada gani.
Usafiri: gari gani, linaondokea wapi, saa ngapi, lina nafasi ngapi.
Mpokea rambirambi: mtu mmoja, namba moja, na jina litakalosomeka kwenye muamala.

Huo mstari wa mwisho msiuchezee. Jina la kwenye muamala lisipofanana na lililotangazwa, mtumaji asitume. Matapeli wanakaa kwenye magrupu haya haya, wanasubiri tanzia tu.

Tarehe iandikwe kwa namba. Neno "kesho" lililoandikwa saa 6 na nusu usiku ni kesho ipi? Na huku pwani kuna jambo la ziada: kwa wazee wa Kilwa, Lindi na Mikindani, "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Kijana aliyetoka bara ataenda siku ya pili akute watu wanakunja mikeka. Kijiji nacho kitajwe na kata yake. Ukiandika "Mchinga" peke yake, dereva atakuuliza Moja au Mbili.

Kijiwe cha Mikindani

Mleta mada umegusa penyewe. Naongezea upande wa simu.

Fungueni magrupu mawili. La kwanza liitwe MATANGAZO, na kwenye mipangilio yake chagua wasimamizi pekee ndio watume ujumbe. La pili liitwe lolote, ndiko kwa "poleni", "hongera", picha za chai na ubishi wa Simba na Yanga. Tangazo likibandikwa la kwanza, linanakiliwa la pili, watu wanamimina pole huko. Hapo mtu aliyeko kituo cha afya porini, mtandao ukimshika dakika tano, anafungua MATANGAZO na kukuta ujumbe mmoja badala ya 340.

Grupu moja la WhatsApp mwisho wake ni watu 1,024. Halmashauri yenye walimu wa msingi na sekondari inapita hapo, kwa hiyo msibanane. Gawanyeni kwa idara au tarafa, kisha zikusanywe kwenye Jumuiya moja, tangazo liende kote kwa mpigo.

Wasimamizi watatu wanatosha: mmoja ofisi ya utumishi, mmoja chama cha wafanyakazi, mmoja kamati ya ustawi. Zamu wiki kwa wiki. Wakifika saba, kila mmoja anadhani mwenzake kashathibitisha.

Na kadi za michango (harusi, kitchen party, unyago msimu wa Juni na Julai) zisiingie MATANGAZO hata siku moja. Ukiruhusu moja umeruhusu 60.

Mweka Hazina Mkavu

Nataka kuzungumzia mfuko wa kufa na kuzikana, maana ndipo watu wanapogombana.

Hesabu ianze na daftari la misiba ya miaka 3 iliyopita. Isianze na huruma. Huu ni mfano tu, wekeni namba zenu:

Wanachama 320, kila mmoja 3,000 kwa mwezi, ni 960,000. Kwa mwaka 11,520,000.
Malipo mliyokubaliana: mtumishi akifa 1,500,000, mwenza au mtoto 800,000, mzazi 400,000.
Daftari linaonyesha kwa mwaka wazazi 16 (6,400,000), mwenza au mtoto 3 (2,400,000), mtumishi 1 (1,500,000). Jumla 10,300,000.
Kinabaki 1,220,000 kwa mwaka mzima.

Kinaonekana kinatosha. Sasa watu 60 wasilipe. Hiyo ni 2,160,000 imepotea, na mfuko umeingia hasi 940,000. Ndiyo maana mifuko mingi hufa bila mwizi yeyote. Imekufa kwa huruma ya kumlipa mtu asiyechanga.

Masharti yanayouokoa:
- Mwanachama mpya anasubiri miezi 3 kabla ya kunufaika.
- Mwenye deni la miezi 3 halipwi. Deni linalolipwa baada ya msiba kutokea halihesabiki. Hili liandikwe kwenye katiba kwa herufi kubwa, mtu asaini.
- Mke na mume wote ni watumishi wenu, mtoto wao akifariki: wanalipwa wote au mmoja? Ndugu wawili wa tumbo moja, mama mmoja? Amueni kabla. Likiamuliwa siku ya msiba linaamuliwa kwa machozi.
- Mwisho wa kila mwezi orodha ya waliolipa inabandikwa. Ya wasiolipa haibandikwi. Kila mtu atajitafuta mwenyewe.

Kuhusu kukata moja kwa moja kwenye mshahara: makato ya mshahara yanahitaji msimbo, na mfuko wa ofisini kwa kawaida hauna. Tena mtumishi anatakiwa abaki na theluthi moja ya mshahara, na wengi mikopo imeshawafikisha ukingoni. Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni agizo la kudumu benki, limewekwa siku mbili baada ya tarehe ambayo mshahara huingia. Likiwekwa tarehe 1, akaunti imeshakauka. Ya pili ni kikundi cha M-Koba, ambacho kila mtu anaona salio kwenye simu yake, na hiyo pekee inapunguza nusu ya manung'uniko.

Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, wawili watoshe kutoa hela. Kinachoharibu hapa ni uhamisho: watia saini wawili wanahamishwa ndani ya robo moja ya mwaka, mmoja yuko Simiyu, hela inakaa miezi minne bila kuguswa huku misiba inaendelea. Mtia saini akipata barua ya uhamisho, mabadiliko ya saini benki yafanyike kabla hajakabidhi ofisi.

Kitu kimoja zaidi. Mkianza kukopeshana kutoka kwenye mfuko huo, si mfuko wa misiba tena. Ni kikundi cha kijamii cha huduma ndogo za fedha, daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na kinatakiwa kusajiliwa. Usajili wenyewe unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri hiyo hiyo. Itakuwa aibu kukutwa hamna cheti.

Mwera wa Ruangwa

Mweka Hazina, hapo kwenye "mzazi" pana shimo. Huku kwetu Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo unafuata upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno, na wapo waliolelewa na kusomeshwa na mjomba tangu wana miaka minne. Mjomba akifa unamwambia katiba haimtambui?

Mweka Hazina Mkavu

Swali zuri, na lina dawa. Usiandike "mzazi" kwenye katiba. Andika "majina mawili ya wazazi au walezi yaliyojazwa kwenye fomu ya kujiunga". Mtumishi anachagua mwenyewe: baba na mama, mama na mjomba, bibi na mjomba. Majina mawili, basi. Anaruhusiwa kubadilisha mara moja kwa mwaka, mwezi Julai, na jina jipya nalo linasubiri miezi 3. Bila hicho kipengele cha kusubiri, mtu atamwandika mjomba aliyelazwa Ligula jana.

Kwa wenza hali kadhalika. Mwenye wake wawili anawaandika wote kwa majina, lakini ukomo wa malipo ya fungu la wenza na watoto kwa mwaka uwekwe, tuseme mara mbili. La sivyo mwenye familia ndogo anaona anamchangia mwenye familia kubwa, na hapo hakosei.

Mama Sanda

Mmesahau saa. Maziko ya Kiislamu hayangoji ofisi ifunguliwe. Mtu akifariki saa 9 usiku, adhuhuri yuko kaburini, na hundi ya wasaini wawili itafika siku ya hitima.

Kwa hiyo mfuko uwe na kifuko cha taslimu, 300,000 hivi, mkononi mwa mtu anayeishi mjini na ambaye simu yake haizimwi. Hela hiyo inatoa vitu vya kwanza: sanda (vipande 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke), pamba, manukato, mbao za kufunikia mwanandani, nauli ya bodaboda za kwenda kuita watu. Inarudishwa siku ya kazi inayofuata kwa risiti, kifuko kinajaa tena. Kiasi kilichotumika kinakatwa kwenye stahili ya mfiwa, yaani mzazi 400,000 kutoa kilichotangulia.

Chakula cha msibani kwa watu 150 wanaokula mlo mmoja: mchele kilo 27 mpaka 30, maharage kilo 10 hadi 12, mafuta lita 5, vitunguu kilo 6, nyanya debe moja, chumvi pakiti 4, nazi 25 kama mnapika wali wa nazi. Kuni ziulizwe mapema msimu wa mvua. Zikiwa mbichi wali unaiva saa 10 jioni, na gari la watumishi limeshaondoka.

Dereva wa STK

Upande wa gari nao una taratibu zake, na hapa watu hulaumu madereva bure.

Gari la serikali halitembei baada ya saa 12 jioni bila kibali. Kwa hiyo msiba wa mbali ukitangazwa, kibali kiombwe papo hapo kikiwa na muda wa kurudi uliopita saa 12, usiandike "saa 11 jioni" kwa matumaini. Msafara wa Mtwara kwenda Masasi ni kama kilomita 200, kwenda na kurudi 400. Land Cruiser ya mkonga iliyojaa inakula lita moja kwa kilomita 7 au 8, yaani weka lita 57 na akiba ya 10 kwa mzunguko wa kijijini. Hiyo akiba ndiyo husahaulika. Lami inaisha, mnaingia mchangani, gia ndogo, mafuta yanakwenda.

Masika, barabara za Liwale zisiahidiwe muda. Mwandikie mtu "tunaondoka saa 11 alfajiri", usimwandikie "tutafika saa 4".

Idadi ya nafasi kwenye tangazo iwe ya kweli. Ukiandika 10 wanakuja 16, na hakuna dereva anayetaka kumshusha mtu aliyevaa kaniki au kanzu.

Afisa wa Dirisha la Tatu

Kuna mkanganyiko naona kwenye michango ya juu. Mfuko wa watumishi na wajibu wa mwajiri ni vitu viwili. Mtumishi mwenyewe akifariki akiwa kazini, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 zinampa mwajiri gharama za jeneza au sanda na usafiri wa mwili mpaka mahali pa maziko. Msitumie mfuko wenu kulipia gari la maiti wakati hilo ni la ofisi. Mfuko uende kwa familia.

Makaratasi ya siku za mwanzo, kwa mpangilio:

1. Kibali cha mazishi kutoka hospitali au, kwa aliyefia nyumbani, kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kisitupwe makaburini. Ndicho kinachozaa cheti cha kifo.
2. Kifo kisajiliwe RITA ndani ya siku 30. Ikipita, njia inakuwa ndefu.
3. Taarifa ya maandishi kwa mwajiri mara moja, mshahara usimamishwe. Mshahara ukiingia miezi miwili baada ya kifo, familia itadaiwa irudishe, na kwa kawaida umeshaliwa kwenye arobaini.
4. Muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha mirathi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ndipo mafao ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) yanafuatiliwa.

Kamati ya ustawi impe mfiwa karatasi yenye hatua hizi nne, imechapwa, siku ile ile ya rambirambi. Haigharimu chochote.

Na hili la faragha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ugonjwa wa mtumishi hauandikwi grupuni. "Amelazwa Sokoine, wodi ya wanaume" inatosha, na hata hiyo kwa ridhaa yake. Alilazwa kwa nini si habari ya ubao. Hati ya mshahara, nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya akaunti, majina ya watoto, vyote hivyo visipite kwenye magrupu hata kama mtu "anasaidiwa tu kurekebisha".

Pete na Kamba

Ngoja niwatoe msibani kidogo. Bonanza.

Siku: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ina usafi wa mazingira. Usishindane nao, uunganishe. Usafi saa 12 na nusu mpaka saa 3, uji au chai ya mkandaa, michezo saa 3 na nusu mpaka saa 6. Baada ya hapo jua la Mtwara na ule unyevu wake litakuangushia watu. Maji weka lita 2 kwa kichwa. Mkipata madafu, bora zaidi.

Netiboli: uwanja mita 30.5 kwa 15.25, nguzo mita 3.05, wachezaji 7, robo nne za dakika 15. Kwa bonanza punguzeni robo ziwe dakika 8, maana wengi mara ya mwisho walicheza sekondari. Jezi za herufi (GS, GA na wenzake) ndizo hupotea. Zihesabiwe kabla ya soda, zisihesabiwe baada ya soda.

Kuvuta kamba: watu 8 kila upande, mivuto mitatu, anayeshinda miwili ameshinda. Kamba iwe na urefu wa mita 33 na nusu au zaidi kidogo, mzunguko wa sentimita 10 mpaka 12 na nusu, na iwe ya katani. Mkoa wa Lindi ulilima katani, haipendezi mtu kuleta kamba ya nailoni ya kufungia mizigo. Nailoni inanyumbuka kwanza, inachoma viganja, na ikikatika inarudi kama fimbo. Kosa kubwa kuliko yote ni kuzungusha kamba mkononi au kiunoni "ili isiteleze". Kidole kinabaki pale. Refa akiona, asimamishe mvuto. Wa mwisho kwenye mstari ndiye pekee anayepitisha kamba mgongoni na begani, bila fundo.

Kukimbiza kuku wekeni mwisho. Ukiiweka katikati, uwanja wote unavurugika.

Mshindi wa idara anajiona tayari ni wa SHIMISEMITA, michezo ya watumishi wa serikali za mitaa. Tulieni. Timu ya halmashauri iteuliwe kwa mazoezi ya angalau wiki 6.

Dirisha la Fidia

Pete na Kamba, bila barua ya kibali ya Mkurugenzi usianze hata kuchora mistari. Mtu akivunjika mguu kwenye shughuli iliyoidhinishwa na mwajiri, kuna pa kuanzia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akivunjika kwenye mechi ya kuitana kwa simu, hakuna. Barua itaje tarehe, uwanja, aina ya michezo, na iambatishwe orodha ya washiriki waliosaini asubuhi ile. Ajali itolewe taarifa ndani ya siku 7. Daktari au muuguzi awepo uwanjani na kisanduku cha huduma ya kwanza: bandeji za kunyumbuka 6, barafu, glavu, dawa ya kusafishia vidonda. Barafu ndiyo haikosi kusahaulika.

Korosho Ghafi

Kalenda, wakuu! Mnapanga kama mko Dodoma.

Oktoba mpaka Desemba huku ni minada ya korosho. Maafisa kilimo, ushirika, biashara na mapato wako maghalani na kwenye vyama vya msingi. Ukiweka kikao cha ustawi mwezi Novemba utakutana na viti. Na ndiyo miezi ambayo ushuru wa mazao, ile asilimia 3, unaingia. Yaani korosho zikishuka hela ipo, watu hawapo. Mei watu wapo, hela imeshakwenda.

Kwa hiyo fungu la Mei Mosi na la kuagana wastaafu liombwe kwenye bajeti mapema, na hela yake itengwe Desemba au Januari makusanyo yakiwa moto. Ukisubiri Aprili utaambiwa "mapato ya ndani hayajakaa vizuri", na itakuwa kweli.

Agosti msiguse wiki ya kwanza. Nanenane ya Kanda ya Kusini iko Ngongo, Lindi, na nusu ya ofisi inahamia mabandani. Wiki ambayo Mwenge unapita kwenu, hali ni hiyo hiyo.

Ramadhani haina bonanza wala uchangiaji damu.

Chupa 450

Kuhusu damu, kwa wanaopenda kuiunganisha na shughuli za watumishi: umri miaka 18 mpaka 65, uzito kuanzia kilo 50. Mwanamume anarudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya 4. Chupa ni mililita 450. Ratibuni na damu salama wiki tatu kabla, na mkiahidi watu 80 wawepo 80, kwa sababu vifaa vinakuja kwa hesabu hiyo. Damu itolewe kabla ya kuvuta kamba? Hapana, siku nyingine kabisa.

Kada ya Elimu Masasi

Mfanyakazi hodari wa Mei Mosi hajaguswa, na hiyo ndiyo habari inayoleta chuki kuliko zote. Kila mwaka idara zinaanza kuhangaika wiki ya tatu ya Aprili, anatajwa yule anayejulikana na mkuu wa idara.

Afisa wa Dirisha la Tatu

Kada, ianze Februari. Wiki ya kwanza vigezo vibandikwe ubaoni: utendaji unaosomeka kwenye PEPMIS (mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi), mahudhurio, nidhamu, kupokea wateja. Machi kila idara ipige kura ya siri, kura zihesabiwe mbele ya mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwenye malalamiko apewe siku 5 baada ya matokeo kubandikwa. Aprili mwanzoni majina yafike juu, na kikao cha baraza la wafanyakazi kiyaone.

Ubovu unaanzia PEPMIS. Mtu anachapa kazi kweli kweli lakini hajajaza mpango wake wala taarifa, mfumo unamwona hana kitu. Mwaka wa utendaji ni Julai 1 mpaka Juni 30, kwa hiyo MATANGAZO liwe na ukumbusho wa kudumu kila Ijumaa. Mwalimu wa kata isiyo na mtandao apangiwe siku ya kuja makao makuu au kituo chenye kompyuta. Asiambiwe tu "jaza".

Na uhamisho: anayeomba kupitia ESS (mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia) asitangazwe grupuni mpaka kibali kitoke. Wapo walioagwa kwa keki, kibali kikagoma.

Bati Geji 30

Wastaafu sasa. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Ofisi ya utumishi ina tarehe zote za kuzaliwa, basi orodha ya watakaofika 60 itolewe miezi 12 kabla, na kila mmoja aitwe faragha kukagua majalada yake: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, kitambulisho cha NIDA, michango ya mfuko aliotoka nao kabla PSSSF haijaundwa 2018.

Tatizo la huku Kusini ni majina. Barua ya ajira inasema Saidi Mohamedi, NIDA inasema Said Mohamed, cheti cha shule Saidi Muhamadi. Kwa binadamu ni mtu mmoja, kwa mfumo ni watatu. Kiapo cha majina kifanyike ndani ya ile miezi 12. Kikianza baada ya kustaafu mtu anakaa bila mshahara na bila pensheni, anakuja kushinda kwenye benchi la masjala.

Zawadi: pigeni kura kati ya taslimu na mabati. Wengi wanapenda mabati kwa sababu taslimu inaliwa na wageni wa wiki ya kwanza. Nyumba ya mita 8 kwa 9, ukiweka machomozo na mwinuko wa paa, ina kama mita za mraba 103. Bati la mita 3 likishalaliana linafunika karibu mita za mraba 2, kwa hiyo 52, ongezeni 3 za kuharibika. Kabla ya kununua muulizeni kama nyumba haijaezekwa tayari.

Hotuba ziwe tatu, dakika 5 kila moja. Mstaafu aongee wa kwanza. Akiwekwa mwisho anaongea watu wakiwa na sahani mikononi.

Bonde la Ruvuma

Sisi wa kata za mpakani hizo Jumuiya za WhatsApp hatuzioni. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu.

Daftari la Masjala

Bonde, kwa kata kama zenu awepo wakala mmoja, mtendaji wa kata au mganga mfawidhi, anayepigiwa simu ya kawaida au kutumiwa ujumbe mfupi. Tanzia ikatwe iwe herufi zisizozidi 160: nani, wapi, lini, gari. Naye aandike kwenye daftari saa aliyoipata. Matangazo yasiyo ya dharura yachapwe, yapande na gari la chanjo au la dawa linalokwenda huko, nakala tatu: zahanati, shule, ofisi ya kata.

Kijiwe cha Mikindani

Swali dogo la mwisho upande wangu. Ubao wetu una tangazo la semina ya 2022 bado. Nani anabandua?

Daftari la Masjala

Aliyebandika. Kila karatasi iwe na tarehe ya kubanduliwa kwenye kona ya chini kulia, kwa kalamu nyekundu. Tanzia siku 7, michezo mpaka siku yenyewe, orodha ya waliolipa mfuko siku 30. Isiyo na tarehe, mhudumu wa ofisi ana ruhusa ya kuing'oa bila kumuuliza mtu. Na tumieni pini, msitumie gundi. Mwezi wa tatu kwenye unyevu huu gundi inaachia, karatasi zote zinalala sakafuni asubuhi.